"Wale hawanisikii": mama, mtoto anayetafsiri, na daktari

Swali, ambalo nimelifupisha kidogo: "Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tangu 2019 tunaishi Kentucky. Mama ana miaka 61, ana presha, na mwaka mzima analalamika kwamba roho inamuuma. Wamempima moyo mara tatu, wanasema ni mzima. Mimi nafanya kazi ghalani usiku, mchana nalala, kwa hiyo mdogo wangu wa kiume wa miaka 12 ndiye anayemsindikiza na kumtafsiria. Daktari ameandika kwamba mama hafuati dawa, na miadi miwili ameikosa. Sasa mama amekataa kabisa kurudi. Anasema, 'Wale hawanisikii.' Nifanyeje?"

Dada yangu, pole, na mama mfikishie pole zangu. Nilisomea uuguzi Tanzania, nikafanya kazi Kigoma, na huu ni mwaka wa 11 nikiwa mkalimani wa hospitali huku Marekani. Wengi ninaowatafsiria ni watu wa Kivu Kusini, Kongo, waliopitia kambini kama nyinyi. Katika barua yako yote, kilichonikaa ni hilo neno la mama. Kwetu Kigoma na kwenu Kivu, kusikia si kazi ya masikio tu. Mtu "anasikia Kiswahili" maana yake anakielewa. Mama hajawaita wale watu wabaya. Anasema maneno yake hayafiki. Mimi namwamini.

Nianze na mdogo wako. Asirudi tena kwenye kile kiti cha katikati.

Sisemi hivyo kumlaumu yeye wala wewe. Najua ghala la usiku linavyomaliza mtu. Lakini tazama kazi aliyobebeshwa. Mtoto wa miaka 12 anayesoma shule za huku anakimwaga Kiingereza kama maji, ila Kiswahili chake ni cha nyumbani: cha kuitwa kula, kutumwa dukani na kugombezwa. Hajui nyongo iko wapi. Hajui kwamba kizazi ni tumbo la uzazi. Asichokijua anakiruka au anakibuni, kwa sababu watu wazima wawili wanamkodolea macho wakingoja jibu. Mwaka 2003 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliorekodi ziara 13 za familia zinazosema Kihispania kwenye kliniki ya watoto hapa Marekani. Kwa wastani yalihesabiwa makosa 31 ya kutafsiri katika kila ziara, na asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu. Hata wakalimani wa hospitali walikosea, sikufichi, lakini makosa ya wasio na mafunzo ndiyo yaliyokuwa na hatari zaidi. Mmoja wa hao wasio na mafunzo alikuwa mtoto wa miaka 11, ndugu wa mgonjwa.

Halafu kuna yale ambayo mama hayasemi kabisa kwa sababu mwanawe yupo. Hedhi ilikoma lini, kama anatokwa na damu ambayo haikutarajiwa, kama mkojo unamtoka akikohoa. Mama wa heshima hawezi kuyasema hayo mbele ya mwanawe wa kiume, na daktari hajui kwamba hayajasemwa. Kama familia yenu ilikimbia vita vya mwaka 1996 au 1998, yapo mengine mazito zaidi ya hayo. Tena kliniki nyingi huku zina karatasi ya maswali kuhusu huzuni, na moja ya maswali yake ni hili: katika wiki mbili zilizopita, umewahi kuona kwamba ingekuwa heri ufe, au kutaka kujidhuru? Kama mama aliulizwa swali hilo, aliyemtafsiria ni mtoto wake wa miaka 12. Nimewahi kukutana na mtoto aliyeombwa atafsiri hilo. Aligeuka akamwambia mama yake, "Anauliza kama unalala vizuri." Alikuwa anamlinda mama yake, na anajilinda mwenyewe.

Sasa hilo la "hafuati dawa". Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa nadhani ndipo penye fundo.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwa mama mmoja wa rika la mama yako. Presha yake ilikuwa imepanda vibaya. Ziara iliyotangulia alikuja na jirani anayejua Kiingereza. Daktari aliuliza kama dawa anakunywa. Mama akajibu, "Nilimaliza." Jirani akatafsiri vilevile: amemaliza. Daktari akaelewa kwamba mama anakunywa dawa zote inavyopasa na bado presha iko juu, basi akaandika dawa yenye nguvu mara mbili. Nilipofika mimi, nilimwomba daktari ruhusa nimuulize mama kumaliza kwa vipi. Akafungua mkoba, akatoa kichupa kitupu, akakiweka mezani kwa fahari. "Dozi. Vidonge thelathini. Sikuacha hata kimoja." Alikuwa amemaliza miezi miwili nyuma.

Umeona? Kila neno lilitafsiriwa sawasawa. Kilichopotea ni maana ya dozi. Kambini, na kwetu kwa jumla, dozi ina mwisho: malaria siku tatu, minyoo kidonge kimoja, vidonda vya koo wiki moja hivi. Wauguzi tumewaimbia watu miaka yote "maliza dozi", na anayemaliza anasifiwa. Hakuna aliyemweleza mama yule kwamba presha haina mwisho wa dozi, na kwamba kibandiko cha kichupa kina tarakimu ndogo inayoonyesha ni mara ngapi duka la dawa litakijaza tena bila kumwona daktari. Kwenye faili lake paliandikwa kwamba dawa haimsaidii. Angepatikana daktari mwingine angeandika kwamba hafuati dawa. Yote mawili si kweli. Na lile ongezeko la nguvu, kama angelianza ghafla baada ya miezi miwili bila dawa, lingeweza kumshusha presha mpaka aanguke bafuni.

Kwa hiyo leo ukiamka, usimuulize mama kama anafuata dawa. Atasema ndiyo. Mwambie akuletee vichupa vyote, vitupu na vilivyojaa, hata vile vya jirani, hata mitishamba. Akuonyeshe kwa mkono anachokunywa asubuhi na anachokunywa usiku. Sikiliza tu, usimkaripie.

Muulize pia habari ya saa. Ulisema amekosa miadi miwili. Kibandiko au karatasi ya miadi ikisema 8:00, mtu aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kusoma saa nane, akajiandaa kwa saa nane mchana, wakati kliniki ilimngoja saa mbili asubuhi. Kosa ni la saa sita, na kwenye kompyuta yao linaingia kama mgonjwa asiyejali. Nimeliona mara nyingi mno. Tarehe nazo zinachanganya: huku mwezi unatangulia siku, kwa hiyo 5/4 ni tarehe 4 ya mwezi wa tano.

Kuna na mtego wa "ndiyo". Sisi tukiulizwa kwa kukanusha, tunaafiki kauli. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Mwingereza hujibu kinyume. Daktari akimuuliza mama, "Huna dawa yoyote inayokudhuru?" naye akasema ndiyo, pale pale anaweza kuandikiwa kwamba ana mzio wa dawa fulani, au ule alio nao kweli usiandikwe. Tena kwa mama wa heshima, ndiyo mbele ya daktari mara nyingi ni kusema "nimekusikia, endelea". Haina maana kwamba amekubali kupasuliwa. Na mzio wenyewe mama hatauita mzio wala aleji. Atasema, "Ile dawa inanikataa." Kama kuna dawa iliyowahi kumkataa, ni lazima ifike kwa daktari kwa jina lake.

Tuje kwenye roho inayouma. Wakongo wengi wanaposema roho wanaweza kumaanisha moyo wenyewe unaodunda. Wanaweza pia kumaanisha nafsi iliyojaa majonzi. Na kuna mahali pengine tena: chembe ya moyo, pale shimoni chini ya mfupa wa kifua, ambapo kiungulia na vidonda vya tumbo hukaa. Mtoto atayatafsiri yote matatu kwa neno moja, moyo, na daktari atafanya anachopaswa kufanya akisikia moyo: atampima moyo. Mara tatu amepima, mara tatu moyo ni mzima. Mimi si daktari wa mama na siwezi kusema ni kipi kati ya hivyo. Lakini maswali ya kutenganisha ni mepesi. Je, maumivu yanakuja akipanda ngazi au akibeba kitu kizito? Yanakuja tumbo likiwa tupu, au baada ya kula? Au yanakuja usiku, nyumba ikiwa kimya, na mawazo yanaanza kutembea? Aweke kidole mahali panapouma. Kidole hakihitaji mkalimani. Hapa niseme jambo la haraka: yakimshika ghafla kifuani, yakaenda begani au tayani, na jasho au pumzi fupi, usingoje miadi wala mkalimani. Piga 911, sema "Swahili", ukae kwenye simu. Wana njia ya kumleta mkalimani kwenye laini.

Maneno ya mwili yana mitego mingi, na mingine iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Mguu kwetu ni kuanzia nyonga mpaka vidole, Kiingereza kinaugawa mara mbili. Mkono vivyo hivyo. Homa kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua, kwa wa tatu ni malaria. Mama wa Fizi, huko Kivu Kusini, akisema munganga alimpiga shindano, anasema daktari alimchoma sindano. Mkalimani aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam asiyezoea Kiswahili cha Kongo anaweza kusikia mganga wa kienyeji na mashindano. Ndiyo maana unapoomba mkalimani usiishie kusema Kiswahili. Sema Kiswahili cha Kongo. Na kama mama yuko huru zaidi katika Kibembe au Kifulero, sema hivyo. Hawatampata kila siku, lakini iandikwe kwenye faili.

Kisa kimoja kinafundishwa kwa kila mkalimani wa hospitali nchi hii. Mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, aliletwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake, watu wa Kuba, walisema "intoxicado", neno ambalo kwao ni kudhurika na kitu ulichokula au kunywa. Madaktari wakasikia amelewa dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kichwani. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa baadaye ilifikia takriban dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu pande zote mbili ziliamini zimeelewana.

Sasa lipo jambo moja la mwili ambalo mkalimani hata awe bora vipi hataliokoa kama daktari haulizi mama ametoka wapi. Kuna mnyoo mdogo sana, strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya mguu mtupu kwenye udongo wenye kinyesi. Tofauti na minyoo mingi, huu huzaliana ndani ya mtu huyohuyo na kuishi naye makumi ya miaka, wakati mwingine bila dalili, au kwa tumbo linalosumbua juu juu na mwasho wa kuja na kuondoka. Mtu akipewa dawa za steroidi, zile za pumu, za viungo, za mzio mkali, kinga inashuka na mnyoo unaenea mwili mzima. Unaua. Wakimbizi wengi wa Afrika wamekuwa wakipewa ivermectini, dawa ya kuua mnyoo huu, kabla ya kusafiri, lakini wa Kongo kwa kawaida hawakupewa, kwa kuwa Kongo imo kwenye orodha ya nchi zenye mnyoo mwingine, loa loa, na huo ukiwa mwingi kwenye damu dawa hiyo inaweza kuleta madhara kwenye ubongo. Kwa hiyo mama anaweza kuwa hajawahi kupimwa wala kutibiwa. Kipimo ni cha damu. Mwombe daktari aangalie kama kilifanyika mlipofika, pamoja na cha kichocho, homa ya ini aina ya B, na kifua kikuu kilicholala. Daktari aliyesomea na kufanya kazi Kentucky maisha yake yote hawezi kuyawaza haya kama haambiwi kwamba mgonjwa wake amekulia kando ya ziwa Tanganyika na ameishi kambini miaka zaidi ya 20. Faili linasema "mwanamke, miaka 61, presha". Hiyo ni sehemu ndogo sana ya mama yako.

Kuhusu haki, nitakwenda upesi. Mwezi Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri iliyofanya Kiingereza lugha rasmi na kufuta amri ya Rais Clinton ya 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Tangu siku hiyo nimesikia watu makanisani wakisema mkalimani wa bure amekufa. Hajafa. Haki hiyo inasimama juu ya sheria za Bunge: ile ya haki za kiraia ya 1964, na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, ikiwemo ya bima za serikali za Medicaid au Medicare, inapaswa kuleta mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Haitakiwi kumwambia mgonjwa aje na wake. Na kanuni za kifungu hicho zinawakataza kumtumia mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa muda tu katika dharura ya kuokoa maisha ambapo mkalimani hapatikani mara moja. Kwa hiyo ukiuliza nani mwenye kosa kubwa, ni ile kliniki iliyomwona mtoto ameketi pale, ziara baada ya ziara, ikaendelea.

Piga simu unapopanga miadi, siyo siku yenyewe. Sema kwa Kiingereza: "My mother needs a Swahili interpreter, Congolese Swahili, a woman if possible." Waombe waiandike kwenye faili. Wakisema wewe unajua Kiingereza, njoo umtafsirie, jibu kwamba utakuja kama binti yake, na mkalimani mnamhitaji. Wakikataa, omba kuongea na mtu wa hospitali anayesimamia haki za wagonjwa. Wakikataa tena, malalamiko hupelekwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya Marekani ndani ya siku 180. Mara nyingi haifiki huko. Ukitaja tu mkalimani mwenye sifa, simu inahamishwa kwa mtu anayejua.

Mama anaweza kuwa na hofu moja ambayo hajakwambia: kwamba mkalimani atakuwa mtu wa kanisa lenu, na Jumapili habari zimefika kwaya nzima. Hofu hiyo haina ujinga wowote, jamii yetu ni ndogo. Mkalimani wa hospitali anafungwa na sheria ya siri za mgonjwa kama daktari, na akivunja anapoteza kazi. Lakini kama hilo halimtulizi mama, ombeni mkalimani wa simu. Yule hukaa jimbo lingine kabisa, hamjui mama, hamwoni uso, na kwa mambo mazito baadhi ya kina mama wanafunguka zaidi kwa sauti isiyo na sura. Mimi nilidhani simu ni duni kuliko kuwapo chumbani. Nimebadili mawazo, kwa baadhi ya mazungumzo.

Mweleze mama kitakachotokea ili asishtuke. Mkalimani atasema "mimi" akimaanisha mama: "Roho inaniuma." Mama amtazame daktari, aongee kidogo kidogo, akatize pale asipoelewa. Mwisho wa ziara, daktari akishaeleza dawa, mama aseme hivi: "Ngoja nikueleze nilivyosikia, uniambie kama ni hivyo." Kisha arudie kwa maneno yake. Hii ni njia inayofundishwa kwa madaktari wenyewe, na wengi huisahau wanapokuwa na haraka. Hapo ndipo neno kama dozi lingenaswa.

Usiku mmoja kabla ya miadi, ukiwa huna zamu, keti na mama mwandike mambo matatu tu kwa Kiswahili, lile linalomsumbua zaidi likiwa juu. Usimsahihishie maneno. Akisema roho, andika roho, kwa kuwa mkalimani ndiye atakayemuuliza ni roho ipi. Funga vichupa vyote kwenye mfuko mmoja. Na kwenye karatasi ya jokofuni, miadi iandike kwa njia zote mbili: 8:00 AM, na chini yake, saa mbili asubuhi.